Kivuli Kifupi

Kila nikivua saa ya mkononi jioni, huitazama kwanza ngozi iliyokuwa chini yake. Mazoea hayo yalinianza Septemba moja, nikiwa nimeketi kitandani kwangu Rongai, nje kidogo ya Nairobi, mkono unawasha hadi machozi yananilenga. Nilifungua mkanda wa saa nipate kujikuna vizuri, nikaona jambo ambalo miaka mitatu ya kutafuta dawa haikuwa imenionyesha. Kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, upande wa nje wa mkono, vipele vilikuwa vimetapakaa, vidogo vidogo kama punje za wimbi zilizomwagika kwenye ungo. Chini ya mkanda hapakuwa na hata kimoja. Palikuwa na ngozi laini, na mpaka wake ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Nikavua blauzi, nikasimama mbele ya kioo. Kifuani vipele vilishuka vikafuata kola, vikaishia pale kitambaa kilipoanzia. Chini ya kidevu, mahali ambapo kidevu chenyewe hutia kivuli, hapakuwa na kitu.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimesimamia mashindano ya riadha shuleni tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane. Sikuwa nimekula kitu kigeni. Sikuwa nimebadilisha sabuni, wala kuvaa nguo ya mtumba kabla ya kuifua. Nilikuwa nimesimama juani, basi.

Hadi usiku huo ugonjwa wangu ulikuwa na majina mengi. Jirani aliuita harara, nami nikanunua poda. Sikuwa nimefikiri kwamba harara hutoka pale jasho linapokwama, kwapani na mgongoni chini ya nguo, ilhali vipele vyangu vilipakimbia palipofunikwa. Muuzaji wa duka la dawa karibu na steji aliuita fangasi, nikapaka dawa ya fangasi wiki sita. Mwenzangu wa ofisi ya walimu aliuita aleji, nikaacha mayai, kisha samaki, kisha njugu, nikabaki na sukuma wiki na ugali kwa muhula mzima. Shangazi yangu alisema ni damu chafu, akaniletea mwarobaini. Niliunywa wote. Kila mwaka vipele vilikuja Septemba vikaanza kupungua kuelekea Krismasi, kwa hiyo kila aliyenitibu alipata sifa kwa zamu.

Dawa iliyonidhuru kweli ilikuwa krimu. Niliipata kwa mtu aliyenitakia mema, ndani ya kikopo cheupe kisicho na karatasi yoyote, kimenunuliwa kwenye duka dogo katikati ya jiji. Ndani ya siku mbili mwasho ulitulia na vipele vikalala. Nilishukuru Mungu, nikaendelea kupaka asubuhi na jioni kwa miezi minne. Ngozi ya shingoni ikaanza kung'aa, ikawa nyembamba kama karatasi ya kitunguu, mishipa ikaonekana. Nilipoacha, vipele vilirudi kwa hasira mpya. Baadaye niliambiwa kilichokuwamo yaelekea kilikuwa steroidi kali, dawa ambayo daktari huitoa kwa siku chache, kwa kiasi chake, na kwa sehemu maalumu ya mwili. Ikipakwa kiholela hula ngozi. Ukiona kikopo kisicho na jina la dawa wala la aliyeitengeneza, tafadhali kirudishe kilikotoka, hata kama aliyekupa ni dada yako.

Asubuhi baada ya kuuona ule mstari wa saa niliomba ruhusa nikaenda kliniki ya ngozi katika hospitali ya umma. Nilifika saa kumi na mbili, nikaonwa saa tano. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia. Kabla sijamaliza kueleza, akaniomba niivae saa tena palepale inapokaa siku zote, kisha niivue. Akautazama mpaka ule kwa muda. “Mwalimu,” akasema, “hili jua limekuandikia.”

Maswali yake ndiyo yaliyonifunza. Vipele hutoka baada ya muda gani? Saa kadhaa, wakati mwingine kesho yake. Hukaa siku ngapi nikijificha? Wiki moja hivi. Viungo vinauma asubuhi? Vidonda mdomoni? Nywele zinakatika kuliko kawaida? Uchovu usioisha hata nikilala? Mashavu yaliwahi kuwiva yote mawili pamoja na daraja la pua? Alikuwa akitafuta lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwa watu weusi mara nyingi huwa mkali zaidi. Jua huuchochea. Nilitolewa damu kwa kipimo kinachoitwa ANA, na kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mahindi kikakatwa mkononi. Wiki mbili za kungoja majibu sikulala vizuri. Ikiwa nawe unatokwa na vipele juani na umejibu ndiyo kwa hata mawili ya maswali hayo, usikae nyumbani ukisoma makala yangu. Nenda upimwe, kwa sababu lupasi hufika hadi kwenye figo.

Kisha akauliza dawa ninazomeza. Sikujua kwamba kuna dawa zinazoifanya ngozi ilichukie jua. Doksisaiklini ni mojawapo, ile ambayo wengine hupewa kwa chunusi au kwa kuzuia malaria. Septrin nayo imo, na haidroklorothiazidi ambayo wazee wetu wengi wa presha huimeza kila asubuhi, na baadhi ya vidonge vya maumivu. Mtu hasimamishi dawa ya presha kwa sababu ya upele. Humwambia daktari wake, naye huangalia kama ipo nyingine. Hata tunda linaweza kukuchoma. Mama anayekaanga samaki karibu na ploti yetu aliwahi kuwa na mistari myeusi mikononi, mirefu, kama aliyemwagikiwa na maji ya moto. Alikuwa akikamua ndimu kutwa akiwa juani. Maji ya ndimu yakikaukia kwenye ngozi kisha jua likapiga, huiunguza, na alama hukaa miezi. Siku hizi hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka kibandani, na mistari imeanza kufifia.

Majibu yangu yalirudi bila lupasi. Nilipewa jina refu la kitaalamu ambalo kwa Kiswahili ningelifasiri vipele vya mwanga vyenye sura nyingi, na kifupi chake ni PLE. Jua hubadilisha kitu fulani ndani ya ngozi, kinga ya mwili hukiona kigeni na kukishambulia, na vita hivyo ndivyo vipele. Ugonjwa huu hauambukizi mtu, haugeuki kuwa saratani, na mara nyingi hauachi kovu. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza ujanani.

Lakini kwa nini miaka mitatu? Nilimwuliza daktari kwa uchungu. Alinijibu bila kunificha: vitabu vingi vinauelezea kuwa vipele vyekundu, na picha zake nyingi ni za watu weupe. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi wekundu hauonekani. Huonekana rangi ya zambarau iliyokolea, au kijivu, au hauonekani kabisa ila mkono ukipitishwa juu yake huhisi msasa. Mara nyingi kwetu vipele huwa kama vichwa vya pini, si mabaka makubwa. Juu ya hayo kuna lile ambalo kila mtu aliniambia, kuanzia mwenye duka la dawa hadi mwalimu mkuu: ngozi nyeusi haidhuriki na jua. Ni kweli melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hutukinga sana na kuungua, na kwa hilo tuna bahati. Lakini kinga yangu ya mwili haiulizi rangi yangu kabla ya kukasirika. Neno hilo moja, “sisi watu weusi jua halituwezi,” liliniongezea miaka mitatu ya kujikuna, na ninaomba tuache kuambizana.

Ilinibidi kulijua jua la Nairobi upya. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Nyumbani jua likipanda, joto lenyewe hukusukuma kivulini. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, nyumba zimekaribiana hadi unaweza kwenda sokoni na kurudi jua lisikuone. Hapa ni mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, upepo ni baridi, mtu huota jua kwa raha na kusema leo hali ya hewa nzuri. Baridi hiyo hudanganya. Kinachotuumiza si joto. Ni miale ya urujuanimno, nayo huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Nawafundisha wanafunzi neno hilo, urujuanimno, mwanga uliopita rangi ya urujuani ambayo jicho linaiona. Ukilisoma taratibu utaliona neno “juani” limejificha ndani yake.

Septemba nayo ina sababu. Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi hujifunika mawingu, tunavaa masweta, na ngozi husahau jua. Kisha mawingu huondoka wakati uleule jua linapokuwa njiani kuja utosini. Mwishoni mwa Septemba, saa sita na nusu hivi mchana, ukisimama wima huoni kivuli chako, kimeingia chini ya viatu. Hutokea tena katikati ya Machi, lakini kufikia Machi ngozi yangu imekwisha kuzoea, kwa maana ugonjwa huu una tabia ya kulegea kadiri ngozi inavyozoeshwa mwanga kidogo kidogo. Ndiyo sababu mwarobaini wa shangazi ulionekana kufanya kazi kila Desemba.

Na Septemba hiyo ndipo mijakaranda inapoanza kuchanua. Watu huja kupiga picha chini yake, jiji zima limegeuka urujuani. Mimi huitazama kwa jicho jingine: inapochanua, majani mengi yamepukutika. Mti mzima ni ua, na chini yake jua linapita.

Kipimo changu sasa ni kivuli. Kivuli kikiwa kirefu kuliko mimi, natembea. Kikiwa kifupi kuliko mimi, najifunika au naingia ndani. Mwezi wa Septemba maana yake ni tangu saa tatu na nusu hivi hadi saa tisa na nusu. Hakuna programu ya simu inayohitajika, na hata siku ya mawingu mepesi naiheshimu saa hiyo, kwa sababu miale hupenya mawingu.

Kwenye matatu nilichelewa kuelewa. Nilidhani dirisha likifungwa nimo salama. Kioo cha kawaida huzuia miale ya aina ya UVB, ile inayounguza zaidi, lakini huruhusu sehemu kubwa ya aina nyingine, UVA, na PLE mara nyingi huchochewa na UVA. Mwezi mzima mkono wangu wa kulia ulikuwa mbaya kuliko wa kushoto, hadi nilipochora ramani nyuma ya daftari. Asubuhi matatu ya namba 125 inatoka Rongai kwenda mjini, jua la mashariki liko kulia. Jioni inarudi, jua limehamia magharibi, na gari limegeuka pia, kwa hiyo liko kulia tena. Katika ile jam ya Lang'ata Road nilikuwa naanikwa mkono uleule mara mbili kwa siku. Sasa hukaa kushoto, upande wa mlango, na kondakta amezoea. “Madam, kiti chako,” huniambia, hata hajui sababu.

Mafuta ya kuzuia jua yalinigharimu karibu shilingi 2,000 mara ya kwanza, na yakanishinda. Niliangalia namba tu, 50, nikaona inatosha. Namba hiyo hupima kinga dhidi ya UVB. Vipele vilitoka vilevile. Daktari akanionyesha kutafuta herufi UVA zilizozungushiwa duara. Chupa ya pili ilikuwa na duara, lakini ilijaa zinki, nikaingia Kidato cha Tatu nikiwa na uso kama niliyetoka kusaga unga. Hakuna aliyecheka, ila msichana wa dawati la mbele aliniuliza kwa upole kama niko mgonjwa. Niliumia, na jioni hiyo nilitaka kuacha kila kitu.

Kilichonifaa ni mafuta yaliyotiwa rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na oksaidi za chuma, jamii ileile ya madini inayoufanya udongo wa Kikuyu na Limuru kuwa mwekundu. Hukaa kwenye ngozi yangu bila kuacha weupe, na huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao huyafanya madoa meusi yanayobaki baada ya vipele kukolea zaidi. Kiasi ni mistari miwili, mmoja kwenye kila kidole, cha shahada na cha kati, kwa ajili ya uso na shingo. Chini ya hapo unajidanganya, nami nilijidanganya muda mrefu kwa sababu ya bei. Hupakwa tena kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa kuwa siwezi kumudu kupaka mwili mzima hivyo, mikono nimeiachia nguo: shati la mikono mirefu lililofumwa likashikana, lile ambalo ukiliinua kwenye taa huoni taa. Chupa ni ya uso tu. Na kwa kuwa silioni jua la kutosha, daktari alinirudishia mayai na omena kwa ajili ya vitamini D. Nilifurahi kuliko alivyojua.

Mama aliponitembelea alinikuta nasita mlangoni na mwavuli, hakuna mvua, naogopa macho ya watu. Alifungua begi, akatoa leso, akanifunika kichwa na mabega kama alivyokuwa akinifunika tukienda soko la Kongowea. “Mwanangu, nani alikwambia mwavuli ni wa mvua?” akasema. “Bibi yako alikuwa nao, na hakuwahi kuutumia siku ya mvua. Siku ya mvua alikuwa akikaa ndani.” Nimetoka na mwavuli tangu siku hiyo. Vijana wa steji waliniita malkia kwa wiki moja, wakachoka.

Kuna jambo ambalo limekaa nami tangu nilipopata jina la ugonjwa, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Miaka kadhaa kabla ya Septemba ile nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili mwenye ualbino. Ijumaa tulikuwa na gwaride la shule nzima, lilianza saa mbili asubuhi, na hotuba zikinoga liliweza kufika saa nne. Wanafunzi hupangwa kwa kimo, wafupi mbele. Yeye alikuwa mfupi, lakini kila Ijumaa nilimkuta nyuma, mgongoni mwa mvulana mrefu kuliko wote darasani. Nilimrudisha mbele. Wiki iliyofuata alikuwa nyuma tena. Nilimwona msumbufu. Siku moja alikuja na kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana, nami, mbele ya wenzake, nikamwambia aivue kwa sababu si sare ya shule. Aliivua. Alisimama mbele, macho ameyafumba nusu, hadi gwaride likaisha.

Sasa naijua hesabu aliyokuwa akiifanya. Saa mbili jua liko chini, na mvulana mrefu hutoa kivuli cha kumtosha mtu mfupi tangu kichwani hadi miguuni. Kadiri hotuba zilivyorefuka ndivyo kivuli kile kilivyofupika. Mimi jua hunipa mwasho wa wiki moja. Mtu mwenye ualbino hana melanini ya kumkinga, jua humwunguza kweli, hudhuru macho yake, na saratani ya ngozi humnyemelea angali kijana. Serikali inalijua hilo, ndiyo maana Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa mafuta ya kuzuia jua bila malipo. Nilikuwa mwalimu mwenye shahada, nafundisha kila mwaka methali ya mchumia juani hulia kivulini, na sikuwa nimelijua hilo. Sikuwa nimeuliza.

Shuleni kwetu kofia yenye ukingo sasa imo kwenye orodha ya sare, na gwaride hufanyika upande wa magharibi wa jengo, ambako jua halifiki hadi saa nne. Nilipigania hayo kwenye vikao viwili. Lakini yeye alikuwa amekwisha kumaliza.

Mwezi uliopita nilipata namba yake kutoka kwa mwenzake. Yuko chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Nilijitambulisha, akanikumbuka mara moja. Nikamwuliza kama anaikumbuka ile kofia. Akanyamaza kidogo.

“Ilikuwa ya buluu, Mwalimu,” akasema. “Mama aliishona kwa mkono.”

Nikamwomba msamaha. Sikueleza sana. Alisema amesamehe zamani, kisha akauliza kwa nini nimekumbuka leo, nami nikamsimulia habari ya saa na ule mstari. Tukazungumza karibu saa nzima, sehemu kubwa kuhusu mafuta: yapi hayachomi macho ukitoka jasho, yapi hayaharibu kola ya shati jeupe. Kesho yake alinitumia picha ya kofia ya pama yenye kamba ya kufunga kidevuni, isiyopeperushwa na upepo wa barabarani, na jina la kibanda cha soko la Gikomba anakozinunua.